Filamu Haihesabiwi Mpaka Isimuliwe

Kila Januari wapo watu wanaojiwekea nadhiri ya kutazama filamu. Mmoja huahidi filamu moja kwa wiki, mwingine mbili, mwingine moja kila siku hadi mwaka ukatike, kwa sharti kwamba kila filamu iwe mpya kwake. Wengi wakisikia nadhiri ya namna hiyo huiona kuwa starehe ya mwenye nafasi. Mimi naitetea kwa moyo wote, kwa sababu naamini kutazama filamu ni ufundi kamili: una wanagenzi na una mafundi, na mtu anaweza kuufanya vizuri au kuuboronga. Ufundi huo hukuzwa na wingi wa filamu na upya wake, lakini hukamilika pale tu mtazamaji anapoweza kumsimulia mwenzake alichokiona na mwenzake akakiona pia. Mwenye nadhiri, basi, asihesabu filamu alizozimaliza. Ahesabu zile alizoweza kuzisimulia. Kuuthibitisha ukweli huu hakuhitaji kwenda Paris wala Mumbai. Ushahidi upo Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kwenye mabenchi ya mabanda ya video, ambako wasomi wa sinema hawana desturi ya kwenda kuutafuta.

Ukanda huo umeumbwa na watu waliofuata madini. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kikanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na Shinyanga ikaanza kupokea vibarua kutoka kila upande. Dhahabu ilifanya hivyo kwa upande wa magharibi: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu wa Kakola ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, mwaka 2009. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Kando ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wenye maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko. Rashi ikitokea, yaani watu wakikimbilia dhahabu mpya, pori hugeuka makazi kwa muda mfupi, na makazi hayo hukusanya Wasukuma, Wanyamwezi, Waha, Wahaya, Wakurya na wengine wengi ambao lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kazi ya duara, pamoja na ugumu wake wote, ina saa nyingi za kusubiri: kusubiri zamu, kusubiri maji yavutwe, kusubiri karasha lisage mawe, kusubiri mgao. Ndiyo maana banda la video, au kibanda umiza kama wengi wanavyoliita, hufika mapema sawa na mama ntilie. Televisheni, spika, mabenchi, jenereta au sola, na ubao wa nje wenye ratiba ya siku iliyoandikwa kwa chaki: banda limekamilika. Anayeingia humo mara mbili kwa wiki huwa ameona filamu zaidi ya 100 mwaka unapokwisha. Nadhiri ambayo kwingine hutangazwa kwa fahari, hapa hutimizwa bila mtu kuiandika popote.

Lakini idadi peke yake isingetosha kuwa hoja. Kinacholipa banda uzito ni sauti inayosikika ndani yake, sauti ya mtafsiri. Filamu nyingi za Kihindi, Kichina, Kikorea na Kimarekani hufika zikiwa na sauti ya dijei iliyorekodiwa juu ya sauti za waigizaji. Mtu mmoja huwa stelingi, adui, mama wa stelingi na mlinzi wa getini, na msikilizaji hapotei. Mazungumzo ni sehemu tu ya anachotafsiri. Hutaja nani ni ndugu wa nani, hueleza kwa nini waziri wa mfalme wa Korea amepiga magoti, hukumbusha kisu kilichoonekana nusu saa iliyopita na kusahaulika. Fundi wa kweli hujulikana zaidi kwa mahali anaponyamaza: ngumi zikianza huziachia zijieleze, na mama akilia huacha kilio kipite. Nchini Tanzania jina lililovuma sana katika kazi hii ni la Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings aliichunguza kazi yake kwa kina kama sanaa inayojitegemea. Na hakika ni sanaa. Hakuna awezaye kuifanya bila kuwa ameona filamu nyingi mno. Mtafsiri hutambua mapema kwamba rafiki huyu mpole atasaliti, kwa sababu ameshakutana na wapole wengi wa aina yake. Huijua filamu ya kisasi kabla kisasi hakijatajwa. Yeye ni mtazamaji aliyehitimu, na shahada yake ni uwezo wa kusimulia huku picha zikikimbia.

Ufundi huu una jamaa zake mbali na ukanda wa dhahabu. Japani, enzi za filamu bubu, kila jumba la sinema lilikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, aliyesimama kando ya pazia akiwapa wahusika sauti. Watu walichagua jumba kwa kufuata jina la benshi sawa na walivyofuata jina la mwigizaji. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Ni yeye aliyemwongoza mdogo wake katika kuchagua filamu, na Kurosawa, alipoandika habari za maisha yake, aliorodhesha moja baada ya nyingine filamu nyingi alizozitazama ujanani. Mwongozaji huyo mkubwa alianza kwa orodha ndefu na ndugu mwenye ulimi wa kusimulia. Nchini Uganda, mtengenezaji filamu wa Wakaliga, Isaac Nabwana, ameeleza kwamba utotoni alizijua filamu kupitia masimulizi ya kaka yake aliyekwenda kuzitazama. Na filamu yake iliyompatia umaarufu duniani, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, inafahamika pia kwa sauti ya msimulizi VJ Emmie inayoipamba mwanzo hadi mwisho. Japani na Uganda hazikuigana katika hili. Kila moja iligundua kwa njia yake kwamba filamu humwingia mtu sawasawa ikipitia kinywani mwa mwingine.

Usukumani wazo kwamba mtazamaji hukomazwa na wingi na upya wa anachokiona halikungoja umeme. Tangu karne ya 19 ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika vyama viwili vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa na Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji, kwa hiyo, ndiye hakimu, na hutoa hukumu kwa miguu yake. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anayerudi na wimbo wa mwaka jana au na kioja ambacho watu wameshakizoea huona watu wakihamia upande wa pili. Ni watazamaji walioshuhudia misimu mingi ambao hudai jambo jipya, na ni dai lao linalomlazimisha manju kutunga upya. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwenye uwanja wa ngoma aliyeona mengi ana kazi ya kufanya, nayo ni kulinganisha. Bila ulinganisho hakuna ladha, na hakuna ulinganisho pasipo wingi. Aliyeona filamu tano za mapigano huzipenda zote au huzichukia zote. Aliyeona mia hujua ni ipi iliyopigwa picha kwa akili na ipi iliyoficha uzembe wake kwa milipuko.

Wapo waliowahi kuukana uwezo huu wa mtazamaji wetu, na yafaa wakumbukwe kwa sababu kivuli cha fikra zao hakijatoweka. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, ukiongozwa na Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, ulitengeneza filamu Vugiri, milimani Usambara, na kuzitembeza Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikiwa na maelezo katika lugha za wenyeji. Miaka michache baadaye William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alifundisha kwamba filamu ya Mwafrika lazima iende polepole, isiruke kutoka mahali hadi mahali, isitumie mbinu za kamera, kwani hataielewa. Banda lolote la Katoro, Geita, linatosha kuvunja nadharia hiyo. Watazamaji wake hufuata filamu za Hong Kong zinazobadili picha kufumba na kufumbua, hufuata sizoni za Kikorea zenye wahusika lukuki, na wakitoka nje hubishana juu ya kosa la hadithi. Walichokosa watazamaji wa miaka ya 1930 ni mazoea tu, na mazoea huja kwa kutazama tena na tena. Kasoro haikuwa machoni mwao. Ilikuwa katika uchache wa filamu walizopewa, na katika ukweli kwamba aliyesimulia alikuwa ametumwa kuhubiri kilimo na usafi. Msimulizi wa banda hana wa kumtuma isipokuwa mtazamaji mwenyewe.

Tena ukanda huu umekwisha kutoa mtu aliyeonyesha jinsi kutazama kunavyogeuka kuumba. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga Januari 1984. Alipoanza kujulikana na kundi la Kaole, filamu za Nigeria zilikuwa zimejaa nchini kwa njia ya kanda, na Watanzania walikuwa wakizitazama kwa mamia. Mwaka 2006 alishiriki Dar to Lagos, iliyowakutanisha waigizaji wa Tanzania na wa Nigeria, na mwaka 2011 akaigiza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Filamu zake huonyesha mkono wa mtu aliyezisoma za Nigeria: namna ugomvi wa ndoa unavyopanda hatua kwa hatua, namna sebule ya kifahari inavyobeba habari za tabaka, namna dhambi ya sehemu ya kwanza inavyolipwa katika sehemu ya pili. Alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na umati uliomzika Dar es Salaam ulionyesha kwamba watazamaji walijiona ndani ya kazi zake. Unaweza kuzikosoa filamu hizo kwa haraka ya utengenezaji wake. Huwezi kukana kwamba zilitokana na kizazi kilichoona mengi na kikataka kusimulia kwa mdomo wake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya nadhiri ni kwamba idadi huzaa pupa. Mtu akikimbizana na filamu mia, hazitampita tu kama mabasi ya barabarani? Pingamizi hili ni la haki, na ndiyo sababu nimeweka sharti la kusimulia. Filamu iliyotazamwa mbiombio haisimuliki. Anayejaribu kuisimulia hukwama kwenye swali la kwanza la msikilizaji: kwa nini alimuua? Muda nao hautishi kama inavyodhaniwa. Filamu mbili kwa wiki, za saa mbili kila moja, ni saa 208 kwa mwaka, ambazo hazifiki siku 9 kamili. Aliyeingia banda jioni na kesho yake akamsimulia mwenzake wakisubiri karasha ametumia muda ambao ungepita hata hivyo, na amefanya kazi ambayo mwanafunzi wa sinema chuoni hupewa kama zoezi.

Pingamizi la pili lina kina zaidi: kwamba hekima hupatikana kwa kurudia filamu moja kubwa mara kumi kuliko kwa kuona kumi mara moja moja. Sikatai faida ya kurudia. Lakini mtu atajuaje kwamba hiyo ndiyo ya kurudiwa, asipoona nyingine? Na upya ninaousema hauna maana ya filamu zilizotoka mwaka huu. Filamu ya mwaka 1948 ni mpya kwa asiyeiona. Mwaka huo ulitoa mbili ambazo ningependa zitazamwe katika ukanda huu kabla ya mahali pengine popote. Ya kwanza ni The Treasure of the Sierra Madre ya John Huston, ambamo watu watatu wanachimba dhahabu milimani Mexico, wanagawana kila siku, kila mmoja anaficha fungu lake, na shaka inaanza kuwala. Profesa huieleza kama hadithi ya tamaa. Mchimbaji wa Nyarugusu ataona zaidi: atapima namna walivyokadiria mwamba, walivyoosha mchanga, na jinsi mgao bila shahidi unavyoua urafiki. Ya pili ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, habari ya baba wa Roma anayeibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi. Shinyanga, mji ambao baiskeli imebeba abiria na kulisha familia kwa miaka mingi, hauhitaji maelezo ya ukubwa wa hasara hiyo. Utazamaji mpana hukutanisha filamu na watu ambao mtengenezaji hakuwajua, na watu hao huiongezea maana.

Wengine watasema: filamu zote hizo ni za wageni, na nadhiri kama hii huzidi kutufanya tutawaliwe kiakili. Jibu langu ni kwamba mtazamaji wa chache ndiye anayetawaliwa kirahisi, kwa kuwa hana cha kulinganishia. Hata hivyo nakubali kwamba orodha ya mwaka lazima iwe na uwiano. Ousmane Sembène wa Senegal, mwandishi wa riwaya aliyegeukia kamera ili awafikie wasiosoma, aliiona sinema kuwa shule ya usiku. Mandabi yake ya mwaka 1968, juu ya mzee anayehangaika kupata hela aliyotumiwa kwa posta, itaeleweka na yeyote aliyewahi kupanga foleni ofisini bila kitambulisho. Kwetu ipo Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ipo Maangamizi ya mwaka 2001, ipo Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Anayeweka theluthi ya nadhiri yake kwa Afrika hatapungukiwa na filamu nzuri. Atapungukiwa na mahali pa kuzipata. Hilo ni dai la kupelekwa kwa wenye mabanda, kwa wasambazaji, kwa vituo vya utamaduni. Hali kadhalika suala la haki za waliotengeneza: diski na flashi zilizotafsiriwa bila ruhusa zimewaumiza wasanii, wa nje na wa ndani, na sioni sababu ya kuwatetea wanaozinakili. Dawa ni kumpa mtafsiri njia ya halali. Mwaka 2011 runinga ya taifa, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na Watanzania wengi waliifuatilia. Kwa hiyo soko la tafsiri halali lipo. Kilichobaki ni kuwaingiza humo mafundi wa banda, walioijua kazi hii kabla ya mashirika.

Pingamizi la mwisho humgusa mtafsiri mwenyewe: kwamba huongeza, hupunguza, hata hupotosha. Ni kweli. Zipo tafsiri zinazozima hadithi kwa maneno mengi, na zipo zinazomdhalilisha mwanamke mahali ambapo filamu yenyewe ilimheshimu. Lakini msomaji wa riwaya iliyotafsiriwa hukabili hatari ileile, na dawa yake ni ileile: soma nyingine, linganisha. Mtazamaji aliyezoea wasimulizi kadhaa hujua yupi mkweli na yupi mpayukaji, kama hadhira ya Bagika na Bagalu ilivyojua. Kuhusu watoto sina cha kubishana. Banda linalopokea wanafunzi saa za masomo, au linaloonyesha damu kwa mtoto wa miaka minane, linavunja utaratibu na linauaibisha ufundi huu. Kila ufundi una umri wa kuuanza na mlango wa kuuingilia, na madaraja ya filamu yamewekwa kwa sababu.

Haya yote yana uzito wa pekee kwa watu wa ukanda huu kwa sababu wao wenyewe ni mada ya filamu. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoikumba Kanda ya Ziwa, yakihusishwa na imani za utajiri wa haraka machimboni na ziwani, yamekwenda kwenye pazia za dunia. Mwaka 2012 Harry Freeland alitoa In the Shadow of the Sun, filamu ya hali halisi iliyomfuata mwanaharakati Josephat Torner akienda kuzungumza na wanakijiji uso kwa uso. Mwaka 2013 White Shadow ya Noaz Deshe ilipata tuzo ya filamu ya kwanza bora kwenye tamasha la Venice. Majaji wa Ulaya walikwisha kusema yao. Je, picha hiyo ni ya haki? Inamwonyesha mwenye ualbino kama mtu mwenye akili na azma, au kama windo tu? Inamwona mchimbaji kama binadamu, au kama chanzo cha giza? Maswali hayo hayajibiwi kwa hasira wala kwa uzalendo. Hujibiwa na mtu aliyeona filamu nyingi kiasi cha kujua kamera inaposimama na anayeumizwa na inaposimama na anayeumiza, tena awe na ulimi wa kuwaeleza wenzake tofauti hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye nadhiri ni mfupi. Chagua idadi unayoimudu. Weka za nyumbani, za Afrika na za dunia. Weka za zamani na za sasa. Kila moja msimulie mtu ambaye hajaiona, kwa Kiswahili chake, mpaka aulize maswali na wewe uyajibu. Isiyosimulika iache nje ya hesabu, hata kama uliitazama hadi mwisho. Kwa kipimo hicho wako watafsiri na wateja wa mabanda ya Kahama, Kakola na Katoro ambao wamewatangulia mbali wengi wanaojiita wapenzi wa sinema, na wanastahili kusikilizwa kama mabingwa wa jambo lao. Tanzania ina uhaba wa wahakiki wa filamu, na tumekuwa tukiwangoja watoke vyuoni. Waandishi wa magazeti na watengenezaji wa filamu wakawatafute pia kwenye mabanda hayo, na wakifika huko waulize kwanza watu wameona nini, kisha wakae chini wasimuliwe.